Kitanda Hakina Kosa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limetulia, na mpwa wangu bado anahesabu siku za harusi yake. Huku wote wazima isipokuwa mimi, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza.

Unakumbuka daktari aliposema presha imepanda, wewe na wifi yako mkanishikia bango niende mazoezi. Nilikwenda, dada. Ukumbi uko nyuma ya duka la rangi, na mwalimu wake tunamwita Chuma. Alinieleza kwamba kipindi ni saa nzima, halafu mwisho kuna dakika nne za kumalizia. Niliposikia kumalizia, roho ikatulia. Unajua kwetu maseremala kumalizia ni nini: msasa laini, vanishi kidogo, huku unapiga mluzi. Nikaona hiyo ndiyo saizi yangu.

Basi siku ya kwanza nikachelewa makusudi. Nilikaa kwa muuza rangi, nikanywa chai na nusu mkate, zilipobaki dakika tano nikajimwagia maji kichwani nifanane na mtu aliyetoka jasho, nikaingia. Chuma akaniuliza, mzee, unamalizia nini na hujaanza? Watu wakaangua kicheko. Nikamjibu kwamba mimi ni fundi wa miaka ishirini na sita, asinifundishe kumalizia.

Kumbe ni sekunde ishirini za kuruka, kulala kifudifudi na kuinuka kama umevamiwa na nyuki, kisha sekunde kumi za kupumua. Mara nane! Hizo kumi sijui zinapimwa kwa saa ya nani. Mara ya tatu mkate ukaanza kuulizia njia ya kutokea. Mara ya tano nikalala, nikagoma kuinuka. Nilipojaribu, kiuno kikalia ka! Mama mmoja wa umri wako akaniruka kama gogo, akaendelea.

Chuma na muuza rangi walinikokota hadi nyumbani, wakanibwaga kizingitini, wakarudi zao. Wifi yako alipofungua mlango, aibu ikanishika, nikamwambia nimeumia nikinyanyua kitanda cha harusi ninachomtengenezea mpwa wangu. Akakupigia. Ukalia, ukatangazia ukoo mzima, na sasa bibi harusi anasema hataki kitanda kilichomvunja mjomba wake.

Kitanda hakina kosa, dada. Sikukinyanyua. Tena hakinyanyuliki, kwa sababu hakipo. Kila ulipouliza nilikujibu niko kwenye kumalizia, kumbe mbao ulizonipa bado zimeegemea ukuta, randa haijazigusa, na kuku wa jirani anatagia nyuma yake. Nimelala siku nne chali na swali la Chuma kichwani.

Nisamehe. Juzi nimeanza. Miguu miwili iko tayari, ya kitanda, maana yangu bado inatetemeka. Zimebaki wiki tatu, nitawahi. Mwambie mpwa wangu asikikatae, lawama anitupie mimi. Wifi yako nimemsomea barua hii, akacheka mpaka akakaa chini, na sasa hataki tena kunikanda kiuno.

Wasalimie wote hapo, hasa wale uliowatangazia. Kuanzia leo nikikwambia nimeanza, niamini. Nikikwambia namalizia, njoo uone mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
fundi wa kiuno kibovu