Maji ya Mama, Mlango wa Kaka

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba nimeshaiitikia mwenyewe kwa niaba yako, maana najua ukiuona mwandiko wangu unaguna kwanza, halafu unatafuta miwani, halafu unamwita wifi aje akusomee. Basi wifi, kama ni wewe unayesoma, nakusalimu sana, na tafadhali soma polepole, usiruke mistari hata akikunja uso. Mgongo unaendeleaje, Kaka? Uliniambia randa inakuumiza kiuno, nami nikakuambia si randa, ni umri. Wanangu hawajambo? Waambie shangazi yao magauni ameshayakata, bado pindo tu. Sisi huku tu wazima. Cherehani yangu inakohoa lakini inashona. Mama ni mzima kuliko sote, na habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu, kwa sababu kwenye simu kila nikitaja neno kanisa unasema mtandao unasumbua. Barua haikatiki, Kaka. Vuta kiti.

Kanisa limekwisha. Ndiyo, lile lile. Kuta zimesimama, bati limelala, sakafu imesuguliwa mpaka unaona kivuli chako. Nimekupa mwisho kabla ya mwanzo ili usije ukaniambia nakuzungusha. Sasa nisikilize ilivyokuwa.

Sipendi kukukumbusha ya zamani, lakini ndipo uzi ulipokatikia. Unamkumbuka mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, yule tuliyempachika jina la Kipaza kwa sababu hata umeme ukikatika alikuwa hakitoi kipaza sauti mdomoni. Siku ile alisoma michango ya watu kwa majina, kutoka mkubwa kwenda mdogo. Makofi yalikuwa ya kishindo mwanzoni, yakawa yanapungua jina kwa jina, na alipofika kwa mama, wa mwisho kabisa, hakuna aliyepiga. Kuna waliocheka puani. Ulisimama, ukamshika mama mkono, ukatoka naye kwenye ule mlango wa mabati wa banda tulimokuwa tukisali, ukaapa mbele ya kanisa zima kwamba mlango wa nyumba ile hutaupita tena. Kisha ukafunga karakana yako ya useremala ukahamia huko uliko. Jumapili iliyofuata mama alirudi, akaketi palepale pake. Wewe hukurudi. Tangu hapo amekuwa na ombi moja tu, na halijabadilika: awaone watoto wake wote wawili wamekaa benchi moja naye, kabla hajafumba macho.

Na kusema kweli, baada yako kanisa lenyewe halikwenda mbali. Ahadi nyingi za siku ile zilitolewa kwa aibu, na ahadi ya aibu hakuna anayeikumbuka akifika nyumbani. Kuta zilikwama kwenye madirisha. Nyasi zikaota ndani, kuku wa jirani wakapata mahali pa kutagia, na sisi tukaendelea kusali kwenye banda la mabati pembeni, tukitazama magofu yetu kila Jumapili kama watu wanaotazama nguo waliyoshindwa kuimaliza kushona.

Ndipo alipoletwa mchungaji mpya. Mtu mfupi, mpole, anahubiri kama anayekuuliza njia. Neno lake la kwanza kuhusu ujenzi lilikuwa kwamba majina hayatasomwa tena, wala hakuna atakayeitwa mbele. Alisema Musa alipotaka kujenga hema aliambiwa apokee kwa yule tu ambaye moyo wake umempa kupenda. Asiyependa aachwe na mali yake kwa amani. Jumapili nyingine akatueleza habari za yule mjane wa senti mbili, akasema Bwana hakutazama kilichoingia kwenye sanduku, alitazama kilichobaki mkononi. Hapo mama aliniminya goti mpaka nikaruka. Na jingine alilolisema halijanitoka: Daudi alipewa kiwanja na ng'ombe bure, akakataa, akasema hawezi kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu.

Basi watu wakaanza kuleta. Lakini ngoja ucheke kwanza. Kwa kuwa kila mmoja alitoa kwa siri, mkono wa kushoto usijue, hakuna aliyejua mwenzake ameleta nini. Na kila mtu aliwaza kitu kilekile, kwamba wakubwa watashughulika na makubwa, mimi acha nilete misumari. Tulipata misumari, Kaka! Misumari ya kupigilia mji mzima, na ubao hakuna hata mmoja wa kuipigilia. Fundi mwashi alikaa juu ya ule mlima wa misumari akauliza kama tunajenga kanisa au nungunungu. Mchungaji akacheka mpaka akafuta machozi, akaweka ubao wa chaki nje, unaosema kilichopungua bila kusema nani alete. Kuanzia hapo mambo yakakaa sawa. Waliokuwa na gari walibeba mchanga, vijana walifyatua tofali, akina mama wa sokoni walijigawia siku za kulisha mafundi, na wasiokuwa na kitu walileta mabega.

Kuta zikapanda hadi juu ya madirisha. Ikabaki kumwaga mkanda wa zege unaozifunga kuta zote kwa pamoja, na bila mkanda huo paa haliwekwi. Hapo ndipo bomba za mji zikakauka. Saruji ilikuwa imeshafika, imepangwa ndani ya banda linalovuja, na mvua zilikuwa karibu. Fundi alituambia wazi: tusipomwaga sasa, mvua zitaikuta saruji ndani ya mifuko, igande iwe mawe, na kuta zitaoshwa tuanze upya. Tulikuwa na kila kitu isipokuwa maji. Watu walisimama kwenye kiwanja mikono kiunoni, na nikaona ile sura ya zamani ya kushindwa ikirudi nyusoni mwao.

Unalijua tangi la chini ya ua wetu, hapa ubavuni mwa kanisa, lile alilochimba baba. Na unajua mama anaishi kwa kufua nguo za watu. Kiangazi chote lile tangi ndilo jiko lake, ndilo kodi yake, ndilo dawa yake. Dobi bila maji ni nani? Mama alitoka ndani amejifunga kanga, akafunua mfuniko wa tangi, akamwambia fundi atume watu na ndoo. Nilimvuta pembeni, nikamwambia akili imempotea, atakula nini. Aliniangalia kama alivyokuwa akitutazama tukichafua nguo za shule, akasema siku ile walimcheka kwa kidogo alichotoa, na hakuumia, kwa sababu Mungu alijua ndicho alichokuwa nacho. Leo anacho kingi, je, ajifanye maskini? Nikachukua ndoo.

Zege likamwagwa lote siku hiyo, jua halijazama. Lakini wewe ni mtu wa ujenzi, unajua kazi haiishii hapo. Zege bichi likikauka haraka hupasuka, kwa hiyo lazima linyweshwe asubuhi na jioni. Mama akajipa kazi hiyo yeye mwenyewe, na nguo za wateja akazirudisha, akiwaeleza kwa nini. Sasa sikia walichofanya wale wateja. Walikuja tena, nguo chafu kichwani, na mkononi kila mtu amebeba dumu lake la maji, ameyatafuta anakokujua mwenyewe. Hata wasiosali kwetu. Yule mwenye duka la vipuri, ambaye hajawahi kuingia kanisa lolote, alileta mapipa kwa mkokoteni akasema shati lake jeupe haliwezi kufuliwa na mtu mwingine. Kutoa ni moyo, Kaka. Tunalisema kila siku, lakini mimi nililiona kwa macho likiwa na mpini na mfuniko.

Asubuhi moja nikamkuta Kipaza ameshika ndoo upande mmoja na mama upande wa pili. Nilitaka kuachia ulimi wangu, unaujua, lakini mama alinikata jicho. Baadaye akanieleza kwamba yule mzee alikuja kumwomba radhi, akaanza kwa maneno marefu ya utangulizi, naye akamwambia radhi ataisikia vizuri mkono ukiwa na ndoo. Tangu siku hiyo walinywesha zege pamoja mpaka likaiva.

Paa likawekwa. Na hapo, Kaka, vitu havikukoma. Bati zilizidi, rangi ikazidi, viti vya plastiki vikapangwa hadi uani kwetu. Kamati ilikaa kikao cha ajabu kuliko vyote ilivyowahi kukaa: namna ya kuwaambia watu waache kutoa. Mchungaji alikumbusha kwamba hata kwa Musa ilifika siku ya kupiga mbiu kwamba watu wasilete tena, vitu vimetosha na kuzidi. Nani atangaze? Wote wakamgeukia mwenye sauti. Kwa hiyo mtu yuleyule aliyekuwa akitubana mpaka tone la mwisho akasimama Jumapili, akakisogeza kipaza sauti pembeni, akatuomba kwa sauti ya kawaida tuache kuleta. Kanisa lililipuka. Watu walipiga vigelegele, wakakumbatiana, mzee mmoja akarusha kofia yake ikanasa kwenye kenchi ya paa, na mpaka leo iko huko juu.

Lakini Kipaza hakuketi. Hili ndilo ambalo mama alinikataza kukuambia, nami nakuambia, na atakayenilaumu anilaumu. Alisema siku ile aliyosoma majina, yeye mwenyewe hakuwa ametoa chochote. Biashara yake ilikuwa imeanguka na aliona aibu watu wajue. Akagundua kwamba msoma majina hasomwi. Kadiri alivyoyapigia kelele ya wengine, ndivyo hakuna aliyeuliza lake. Na mama alipochekwa, alishukuru moyoni, kwa sababu macho yote yalikwenda kwa mama. Alilia, Kaka. Mtu mzima, mbele ya wajukuu zake.

Mama akasimama palepale alipo. Alisema hilo alilijua tangu siku ile. Yeye ndiye aliyesomwa wa mwisho, kwa hiyo yeye peke yake alikuwa akisikiliza kama jina la msomaji mwenyewe litafuata, na halikufuata. Ndiyo maana alirudi Jumapili ile ya pili. Aliona kuna mtu aliyetoka na aibu kubwa kuliko yake, na tena hakuna aliyemshika mkono. Hakukwambia kwa sababu ulikuwa na hasira, na nyundo zilikuwa karibu. Nami nililia, na unajua mimi silii ovyo.

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki iliyofuata. Tulikimbilia ndani kuangalia kama paa linavuja. Halikuvuja hata tone. Ndipo nikasikia mngurumo upande wa kwetu. Kumbe Kipaza na fundi walikuwa wameifunga mifereji ya bati kimyakimya, na maji yote ya lile paa kubwa yalikuwa yanaingia kwenye tangi la mama. Lilijaa, likafurika, uani kukawa bwawa. Mama alisimama katikati ya mvua amelowa chapachapa, anacheka kama msichana. Mchungaji alisema Mithali ilishanena: anayewanywesha wengine naye atanyweshwa. Mama akajibu kwamba Mithali haikumwonya ahamishe sabuni zake.

Sasa limebaki jambo moja. Kanisa halina mlango. Tumefungua nyumba ya Mungu kwa shangwe, na pale mbele pana uwazi mtupu wenye pazia nililolishona mimi, na siku ya kwanza tu mbuzi wa jirani aliingia katikati ya sala akasikiliza mpaka amina. Si kwamba watu hawakutaka kuleta. Mwenye duka la vipuri alitoa milango ya chuma. Ni Kipaza aliyewasihi wazee wasiipokee, akasema kuna mtu alitoka kwa haki kwenye mlango wa zamani, na mlango mpya usiwekwe na mkono mwingine kabla hajaulizwa. Wazee wote wakakubali.

Mbao alizokuachia baba bado ziko darini, zimekauka sawasawa. Zilipotajwa kwenye kikao, mama alikataa katakata. Alisema hizo ni zako, na mtu hawi mkarimu kwa mali ya mwenzake. Kwa hiyo hakuna aliyezigusa, wala hakuna anayekuomba. Narudia, Kaka, hakuna anayekuomba. Tumeshajifunza kwamba Mungu hataki mlango wa kulazimishwa. Na kiapo chako ulikiapia mlango wa mabati, ambao fundi ameshaukata akaufanya banda la kuku.

Msalimie wifi, wabusu wanangu, na uukande huo mgongo kwa mafuta ya moto. Mama anakusalimu, ingawa hajui kama nakuandikia. Anadhani napiga hesabu za vifungo. Jumapili anaketi benchi la mbele upande wa kulia, na mkoba wake anauweka kando yake, mahali pa mtu mmoja mpana.

Vipimo vya fremu, urefu, upana na unene wa ukuta, nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Lakini usiigeuze kama moyo wako haujapenda.

Ni mimi mdogo wako mwenye ulimi mkali,

Sindano