Mfalme wa Château ya Maji

Jumapili, mvua imeshika tangu asubuhi.

Mvua ya leo haina adabu. Imepiga bati mpaka tukaacha kusikilizana, kanisani hatukwenda, courant ya umeme hakuna. Nilikuwa na hamu moja tu: binti yangu Neema ashike kitabu. Tangu mwalimu acheke Kifaransa chake mbele ya darasa, hataki hata kukiona. Eti vitabu ni vya watoto wengine. Inaniuma sana, kwa sababu mimi nililelewa na vitabu.

Sitanii. Tulikuwa tunakaa Lubunga, ng'ambo ya mto, na Yaya Béa, dada yetu mkubwa, alikuwa akiazima riwaya za Kifaransa zisizo na jalada. Anasoma kimoyomoyo, halafu anatusimulia kwa Kiswahili huku anakatakata majani ya pondu. Neno moja hakulitafsiri kamwe: château. Angelitafsiri kwa nini? Kila mtu kwetu alijua château ni lile tangi kubwa la maji lililosimama juu ya miguu ya chuma.

Basi mfalme wetu aliishi ndani ya tangi.

Na sisi tuliishi naye. Nilijua malkia anavyokunja nguo yake ya kikwembe akipanda ngazi. Nilijua ngoma ya harusi inavyovuma ndani ya chuma. Mama akinituma chumvi, nilipita pale chini polepole nisimwamshe mfalme, nikafika nyumbani bila chumvi. Raha ile! Sijaipata tena, hata siku ya ndoa yangu, mume wangu anisamehe.

Sekondari walimu wakatuonyesha picha. Kumbe château ni jumba la mawe. Wenzangu waliandika, wakafunga madaftari. Mimi nililia kama mtu aliyefukuzwa kwao.

Bon. Leo nilichukua riwaya, nikaanza kumsimulia Neema kama Yaya Béa, nikipepea makaa chini ya sufuria ya samaki. Mfalme ni mgonjwa, amejifungia ndani ya château. Neema akageuka.

"Mama, mu château ya maji? Sasa anaogaka na maji yetu ya kunywa?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimsahihishe. Nikaufunga.

"Ndiyo," nikamjibu. "Haujaona robinet ya maji inatokaka povu?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu maswali: ndizi za makemba wanazipandisha namna gani? Mtoto wa mfalme anajua kuogelea? Nilijibu, nikajibu, mpaka samaki wakaungua.

Siku moja watamwambia ukweli, na pengine watamcheka tena. Nimefanya vizuri? Sijui.

Nilipomaliza kuokoa sufuria na kugeuka, kitabu hakikuwepo. Neema amejikunja nacho dirishani penye mwanga, kidole chini ya mstari, midomo inacheza kwa Kifaransa kile kile. Nikamuuliza kama mfalme amepona.

"Ngoja, Mama. Miye ndiye niko nasoma."

Bado nangoja.