Fimbo ya Mama Jerusa Ilikuwa Kwangu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi cha Kiptolwet, Kaunti ya Bomet
Tarehe 11 Machi 2025, saa tisa na nusu alasiri

Jina: Weldon Kipruto
Umri: miaka 21
Kazi: kuchuna majani chai
Makao: Kimulot
Elimu: darasa la nne
Nambari ya kitambulisho: hana

Mimi ndio huyo ametajwa hapo juu. Kitambulisho sina, na hiyo ndio ilinitoa nyumbani leo.

Mnamo tarehe ya leo nilifika afisi ya kitambulisho hapa Kiptolwet saa moja asubuhi. Ni mara yangu ya pili. Mwezi jana karani wa dirisha ya pili, huyo wa sweta ya kijani, alinipaka wino akabonyeza vidole kwa karatasi, zikatoka nyeusi tupu, bila mistari. Akasema, "Vidole gani hizi? Wewe huchuna mawe? Enda upumzishe mikono." Nilipumzisha kidogo tu, juu hiyo mikono ndio tunakula nayo.

Mbele yangu kwa foleni alikuwa Mama Jerusa. Sikuwa namjua. Ni mzee, jicho moja imefunikwa na kitu nyeupe, na hiyo ingine haioni mbali. Alinishika mkono nimvushe mtaro, akasikia vile iko, akasema, "Nyakwara, hii ni mkono ya majani chai." Kwao hiyo ni mjukuu. Aliniambia baba yake alitoka upande wa ziwa kuja kuchuna, yeye akazaliwa kwa kambi, akachuna pia mpaka magoti ikakataa. Kitambulisho yake ilipotea. Hospitali ya Longisa wamekubali kumpasua macho, lakini bila kitambulisho bima haiwezi kumlipia. Alitoa mafuta ya kukamulia ng'ombe kwa kikapu, akanisugua vidole moja moja tukiongea.

Karani yule yule alikusanya fomu zetu zote, yangu pia. Saa nne akafunga, wakaenda chai. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Chai gani inanywewa saa nzima?" Mwingine akamjibu, "Kunywa ni kazi ya watu, mzee. Yako ni kuchuna." Tulicheka, hata Mama Jerusa.

Karibu saa saba Mama aliitwa. Kioo ya hiyo dirisha inavutwa kutoka juu kuja chini. Mama alinipatia fimbo yake nimshikie, ndio apapase karatasi zake kwa kaunta na mikono mbili. Karani akamwambia, "Wewe rudi kwenu ukachukulie huko."

Mama akasema, "Kijana, kwetu ni wapi? Mama yangu amezikwa Kimulot."

Karani akasema, "Saa ya kula imefika," akavuta kioo kwa nguvu. Mkono ya Mama ilikuwa bado ndani, inatafuta karatasi. Kioo ilimwangukia hapa juu ya kiganja, ikapasuka. Vipande nyingi zilianguka upande wa karani. Damu ilimwagika kwa karatasi zake.

Karani aliita askari wa mlango, akasema huyu mama amevunja kioo ya serikali na fimbo. Halafu akatuangalia sisi. "Kama kuna mwenye ameona ingine, aseme jina nimtolee fomu yake sasa hivi aende nayo nyumbani."

Watu waliangalia chini. Mimi pia niliangalia chini. Mama Jerusa hakulia. Aliuliza tu, "Nyakwara, uko wapi?" Polisi wakaja, wakamchukua.

Watu walipopungua ndio niliona bado nimeshika fimbo. Nilikuja nayo hapa, nikakaa kwa benchi ya nje. Mimi si mtu wa kuongea mbele ya watu. Nilikuwa nafikiria, kama fimbo ilikuwa kwangu, basi haikupiga kioo. Na nikienda nayo nyumbani nikinyamaza, ni kama nimemwibia. Koplo Rodah, huyu anaandika, alipita mara ya kwanza, nikaangalia chini. Alipopita tena akaniuliza, "Kijana, hiyo fimbo ni ya nani?" Nikamwambia.

Ameniuliza kama fimbo ilitoka kwa mkono yangu kabla kioo ipasuke. Nimesema haikutoka. Ameniuliza kama najua fomu yangu iko kwa huyo karani. Nimesema najua.

Fimbo naiacha hapa. Naomba Mama apewe akitoka, ndio asianguke kwa ule mtaro wa nje.

Hivyo ndivyo niliona. Nimesomewa yote, ni maneno yangu.

Sahihi ya shahidi: (kidole gumba cha kushoto)

Afisa aliyeandika: Mimi Koplo Rodah Orina nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, nikamsomea, akayakubali. Fimbo moja ya mti imepokelewa. Shahidi aliomba msamaha mapema, akisema kidole chake hakitoi alama. Tumejaribu mara moja. Alama imetoka wazi.