Kikombe cha Chini ya Sinki

Jumatatu, 6 Oktoba
Nyumba mpya ya kazi, Queensbury, hapa London. Bibi Jaya, Mhindi, themanini na ushee, miguu imegoma. Kazaliwa Dar, Upanga. Alinifungulia Kiswahili pale mlangoni nikafurahi kama mtoto. Furaha ikadumu mpaka chai. Nimeipika anavyotaka, tangawizi nyingi, maziwa yachemkie humo humo. Nikanyoosha mkono kabatini nami nipate changu. Hapana, yaya, akasema, kikombe yako iko chini ya sinki, hii ya juu ni ya nyumba.

Kipo kweli. Cha bati, cheupe, rangi imebanduka mdomoni, kimekaa kati ya sabuni ya choo na dawa ya mende. Alikinunua maalumu kwa ajili ya makea, sisi tunaotunza wazee majumbani. Makea weusi, maana yule Mpolandi wa wikiendi ananywea vya maua vya kabatini.

Nimekunywa. Nilikuwa na kiu. Lakini kinyaa nimerudi nacho mpaka nyumbani.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimemsimulia Myriam, Mkongo wa Thornton Heath, tuko naye ejensi moja inayotupangia kazi. Hakushtuka. Yeye ana mzee anayemtandikia gazeti kwenye kiti kabla hajakaa. "Miye nasomaka tu hiyo gazeti," akasema. Tulicheka tu. Ukilalamika unapunguziwa zamu. Na viza yangu imeshikwa na ejensi hiyo hiyo.

Jumanne, 14 Oktoba
Leo ndiyo nimechefukwa hasa. Reena, binti wa Bibi, kaja. Mwalimu, mpole, hunikumbatia kila akija. Jumamosi ana maonyesho ukumbini kwao: jinsi watu weusi na Wahindi walivyopigana na ubaguzi hapa London. Mgeni rasmi — mama yake!

Na kisa ni cha kweli, siwezi kumnyima. Bibi alipofika huku aliajiriwa kiwanda cha balbu. Wanawake wa Kizungu wakamkataza kugusa vikombe vya kantini. Wakamtundikia chake kwenye msumari, karibu na mlango wa choo. Akavumilia, akavumilia, siku moja akakichukua akambwagia meneja mezani, akatoka nje. Wahindi wenzake wakamfuata, na wale wa Jamaika nao. Walisimama mvuani mpaka msumari ukang'olewa. Nilitaka kumpigia makofi. Huyu huyu!

Reena akauliza, kikombe chenyewe kiko wapi? Binti akaingia jikoni kupekua, akarudi na kikombe changu cha chini ya sinki, machozi yanamlengalenga. Kumbe ulikitunza miaka yote hii, akamwambia kwa Kiingereza. Bibi akatazama dirishani. Akamwacha aamini hivyo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Ijumaa, 17 Oktoba
Kikombe kimeenda maonyeshoni, hakuna aliyekumbuka kuninunulia kingine. Nimekunywa maji bombani, kwa kiganja, Bibi ananitazama.

Namvalisha soksi, akaniuliza, wewe nasema kesho? Nikamwambia mimi sisemi, Bibi. Sema wewe. Reena navunjika moyo, akasema. Moyo wa Reena kauona, wangu la. Halafu akaanza kunieleza kwamba yeye si kama wale Wazungu, hii desturi tu, usafi, Dar kila nyumba ilikuwa hivyo. Nikamvalisha soksi ya pili.

Mama yangu alikuwa yaya Upanga. Sikuwahi kumuuliza alikuwa akinywea nini.

Jumamosi, 18 Oktoba
Nimemleta Bibi; naandika jikoni, huku ukumbini, nimesimama. Birika iko motoni.

Watu wamejaa. Kikombe wamekifungia kwenye kabati la kioo, wamekimulika taa, watu wanakipiga picha. Mama mmoja mzee wa Jamaika kaweka kiganja kwenye kioo akalia. Alikuwepo mvuani siku ile. Nimemwonea huruma, na aibu nimeona mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemdanganya.

Bibi kapewa maikrofoni. Kasimulia kiwanda, kantini, msumari. Alipofika kwenye kikombe akasita. Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Nikasubiri. Akakiruka, akakimbilia kisa cha mvua. Makofi!

Reena naye kapata wazo. Ba, ndivyo anavyomwita mama yake, anywe chai kwenye kikombe kile kile, warekodi. Kakitoa kwenye kioo akaniletea mimi, kwa mikono miwili, kama sadaka ya hekaluni. Bibi akasema hana kiu. Watu wakacheka, wanamwona mzee mwenye haya.

Imechemka. Tangawizi nyingi, maziwa humo humo. Nimemimina. Nimeonja sukari kama mpishi yeyote, kwenye kikombe hicho hicho, pale pale palipobanduka. Sijapafuta. Reena anaita. Kwa hapa mlangoni namwona Bibi, kaniona nikionja, macho yake yako kwenye mkono wangu, na maikrofoni hajairudisha bado.

Napeleka.