Namba 714 Haikukosewa

Mdogo wangu Kapteni,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na wanangu wote wawili, na kwamba kile kikohozi chako cha asubuhi kimeona aibu kikaondoka. Sisi huku hatujambo. Goti langu linalalamika kila mvua ikikaribia, lakini mkono bado uko imara na wateja wa mabango bado wanagonga mlango. Usinune kwa kuitwa Kapteni. Najua siku hizi wewe ni mwalimu wa kuheshimika, ila kwangu utabaki yule mtoto aliyetoa amri za safari akiwa amesimama juu ya kapu la nguo chafu.

Mswada wa kitabu chako niliupata Jumatatu, nikausoma mpaka brashi zikanikaukia. Ulivyokieleza kile kipindi cha televisheni cha meli za anga, nilirudi utotoni mzima mzima: lile zulia lenye alama ya pasi, Mama akituambia turudi nyuma tusije tukaharibu macho, nasi tukirudi kiasi cha kidole kimoja. Sura ya majina umeipatia kabisa. Meli za upelelezi zilikuwa na majina ya ndege, na namba zao zilianza na saba. Za hospitali, Huruma na Upole na wenzao, zilianza na tatu. Za mizigo ndizo akina Punda na Ngamia, nazo zilianza na tano. Ulichosahau ni kwamba kanuni hizo zilibandikwa ukutani kwenye karakana ya Baba, nyuma ya studio, na ya mwisho ilipigiwa mstari mwekundu: meli ikilipuka, namba yake haipewi meli nyingine kamwe.

Nakikumbuka kile chumba kwa harufu, gundi na tapentaini. Baba akiwa fundi rangi wa kituo, kila jina na namba uliyoiona ubavuni mwa meli ilitoka kwenye brashi yake. Meli zenyewe zilikuwa mabomba ya plastiki na vifuniko vya sufuria. Wewe ulilijua hilo na bado uliziamini, ukawa na daftari lako la usajili ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa bila kunawa mikono.

Halafu kwenye kipindi wakailipua Mbayuwayu, namba 714. Nakumbuka ulivyofungua daftari, ukaandika kwamba imepotea, ukaenda kulala jua bado linawaka. Wiki tatu ulikuwa unadonoa chakula tu. Mama alidhani una minyoo, akakunywesha dawa bure.

Sasa nifike kwenye ukurasa wa themanini na mbili. Umeandika kwamba katika sehemu ya mwisho, meli zote zinaporudi nyumbani, 714 inaonekana safu ya nyuma, na kwamba ni kosa la fundi rangi mzee aliyechoka macho, akageuza tarakimu za 741. Najua umeandika kwa upendo. Lakini umesema kitabu kinakwenda kwa mchapaji Ijumaa, na mimi siwezi kuiacha sentensi hiyo iende.

Macho ya Baba yalikuwa yamekwisha mwaka mzima kabla ya hapo, mdogo wangu. Alimficha kila mtu, hata Mama. Mimi tu ndiye niliyejua, kwa sababu nilikuwa nikitoka shule napitia karakana na kumwandikia namba ndogo ndogo. Siku ya kuandaa sehemu ile ya mwisho, mwongozaji wa kipindi alileta karatasi yenye 741. Niliisoma vizuri sana. Nikaandika 714, kwa makusudi, kwa ajili yako. Nilidhani ni jambo la sekunde mbili kwenye kioo, na hakuna atakayeliona isipokuwa mtoto mmoja mwenye daftari.

Uliliona. Uliruka mpaka ukaangusha stuli, na jioni ile ukala sahani mbili. Lakini watazamaji wengine nao walikuwa na madaftari. Barua zilimiminika kituoni, na yako ya shukrani ikiwemo. Stempu yake niliibandika mimi. Mwongozaji akamwita Baba, akampima macho kwa gazeti, na ikawa ndiyo siku yake ya mwisho kazini. Baba alikubali kwamba ni macho yake, akarudi nyumbani na brashi zake kwenye mfuko. Nilimwachia lawama yangu. Nimeishi nayo miaka thelathini na nne, na imenichoma kila ninaposhika brashi.

Kuna jambo moja ambalo nimechelewa kulielewa. Rangi ile ya mafuta ikikauka ilikuwa inaacha mwinuko, na Baba alikuwa hapokei kazi yangu mpaka aipapase kwa kidole. Siku ile aliipapasa saba, kisha moja, akafika kwenye nne, akasimama; namba ya meli iliyolipuka aliijua. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimenakili karatasi sawasawa. Nikasema ndiyo. Kidole kikiwa bado palepale, akaniuliza kama umeanza kula. Nikamwambia bado. Basi akafuta mikono, akafungua mlango, akawaita wapiga picha waje kuichukua.

Kwa hiyo nakuomba uifute sentensi ile. Andika kwamba namba 714 ilirudishwa na mafundi wawili, na kwamba wote wawili walijua. Ukishaniwia radhi, au hata kabla, lifungue lile daftari na uandike kwamba Mbayuwayu imefika. Ile karatasi yenye 741 niliihifadhi. Nimekuwekea humu kwenye bahasha.

Nisalimie wifi, na uwabusu wanangu kwa niaba ya shangazi yao. Mwambie mdogo brashi aliyoniomba nimeshamchagulia.

Ni mimi dada yako,
Fundi Msaidizi