Ubongo wa Kinyozi

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Habari za nyumbani na za kinyozini? Mimi mzima, ila picha ya ubongo tuliyokupiga hapa hospitali imeharibika. Ile sindano ilikuwa ya kutuonyesha dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mkono. Tulikuomba utulie, wewe ukageuza kichwa na kuongea. Rudi, tafadhali. Mkono wako wa kulia unatetemeka, na umeshamkata mteja sikio.

Mpwa wako

9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku wote wazima, na mimi mzima kuwapita wote. Sikio lile lilijileta lenyewe! Mimi nimewanyoa majenerali watatu ndani ya gari linalokimbia kwenye barabara ya mashimo, hakuna aliyetoka damu hata tone. Leo unanisomea habari za masikio?

Kuhusu kichwa, kosa ni la daktari wako. Kapita mbele yangu na kisogo kama kimetafunwa na panya. Kinyozi gani angenyamaza? Nikageuka nimuulize, "Bwana mkubwa, nani kakufanyia uadui huu?" Nitarudi, ila mwambie avae kofia. Na mkikuta akili imejaa mpaka inamwagika, msishtuke.

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Safari hii ulitulia, asante. Picha hii hapa. Yale madoa mawili mekundu katikati yanaonyesha dopamini, na yangepaswa kulingana. La kushoto limefifia, na upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono wa kulia. Daktari anasema ni ugonjwa wa Pakinsoni. Vidonge vitakusaidia, lakini wembe uweke chini. Mama anasema ufunge duka uje ukae kwetu. Nimelia kabla ya kuandika.

Mpwa wako

20 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, na futa machozi, sijafa. Hali yangu njema, hamu ya kula ninayo, na maneno ninayo ya kutosha mtaa mzima.

Picha nimeitia fremu, nimeitundika juu ya kioo. Mteja akiuliza, namwambia, "Huo ubongo wangu. Nenda kapigwe picha na wewe, tuone kama wako una rangi!"

Vidonge nameza, usinigombeze. Wembe nimemwachia mwenzangu wa kiti cha pili. Siku ya kwanza nilimtazama akiushika, roho ikaniuma kama nimenyang'anywa mke. Lakini mashine ya umeme sikumpa. Naishika kwa mkono wa kushoto. Nilijifunzia kichwani mwangu mwenyewe, nikatoka na upara, na wanawake wanageuka barabarani. Wateja wawili wamenikimbia. Waende! Wanne wamebaki, na jana nimewanyoa wote, masikio yao wameondoka nayo.

Mwambie mama yako duka sifungi. Akitaka aje na kufuli lake, atanikuta kazini. Umeandika mwenyewe kwamba doa la kushoto limefifia. Sawa. La kulia je, si linawaka? Basi nanyoa kwa hilo.

Mjomba wako, kinyozi