Benki Si Wakwe Zetu

Kianda, Kibera
Jumapili, baada ya kanisa

Mwaitu wangu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa binti yako Mwende. Goti linasemaje tangu baridi iingie? Na mbaazi zimetoa maua, au mvua imewadanganya tena? Sisi huku tu wazima. Watoto wanakula kama nzige, na baba yao Kyalo bado yuko kwenye kazi ya mjengo Naivasha, atarudi mwisho wa mwezi.

Kaka yangu Mutua ameniambia umezima simu ukaifukia ndani ya debe la unga. Amesema pia huamini neno la mtu yeyote mpaka uone mwandiko wangu. Basi huu hapa, Mwalimu. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika kule nasari, na unajua hakuna tapeli mwenye mwandiko mbaya namna hii. Kabla sijasema lingine: usimpeleke yule mtamba mwekundu mnadani Alhamisi. Nakuomba sana. Deni ulilotaka kumuuza ili lilipwe limekwisha, na nitakueleza lilivyokwisha.

Ile kadi ya benki niliichukua nikiwa bado karani kule Industrial Area. Nilinunulia drier mbili za kukaushia nywele za saluni yangu kule Kawangware, steji ya 56, na kulipa karo ya muhula mmoja, na nilikuwa nikilipa vizuri mpaka ofisi yetu ilipofungwa. Baada ya hapo riba ikazaa, na faini juu yake. Benki ikachoka nami, ikanikabidhi kwa kampuni ya kukusanya madeni. Hao ndio waliokupigia, kwa sababu siku ile niliandika nambari yako mahali pa jamaa wa karibu. Niliona ni heshima, Mwaitu, kumbe nilikuwa nakuweka mbele ya risasi. Kumwamsha mama wa watu alfajiri na kumwambia binti yake anaenda jela! Niliposikia hayo nililia, tena kwa hasira. Walichotaka ni kunishtaki, na wakishinda walete madalali wabebe drier, viti, hata kioo, nibaki na kuta tu.

Barua ya wakili wao ilinipa wiki mbili. Sikuwa na nguvu hata ya kufungua saluni. Ndipo Mama Nasra, mwenye nyumba wetu, akaja kugonga. Unamkumbuka, yule Mnubi aliyekupa kawa la kufunikia chakula ukaenda nalo mpaka kanisani kuringia watu. Nilidhani anadai kodi, kumbe alitaka kujua mbona siendi kazini. Nikamweleza yote hapo mlangoni.

"Na unaenda kuongea na hao watu wewe mwenyewe?"

"Si deni ni langu?"

"Mwende, umeona wapi bibi harusi akijipangia mahari? Kesho tunaenda wawili. Na wewe hukohoi."

Mwaitu, kukiwa na posa, Mama Nasra ndiye watu wake humtanguliza. Anajua kushusha bei mpaka upande wa pili unamshukuru.

Ofisi yenyewe iko mjini, imejaa vijana wenye simu masikioni. Tukapelekwa kwa mmoja anaitwa Collins. Nilimjua kwa sauti, ndiye aliyekuwa akinifokea.

"Na huyu mum ni nani kwa hii account?"

"Mimi ndio mdomo wake," Mama Nasra akasema. "Kwanza, kijana wangu, hujambo? Nyumbani ni wapi?"

"Mum, niko na watu wengi leo."

"Na wote wako na kwao. Wewe je?"

Akasema kwao ni Kakamega. Mama Nasra akamuulizia mvua ya huko, akamuulizia mama yake, akamuulizia kama ameoa. Nilitamani kuingia chini ya meza. Lakini ule ukali wa kwenye simu sikuusikia tena. Akasoma deni: laki tatu na elfu arobaini.

"Alichokula huyu ni ngapi?"

"Pesa yenyewe ni laki moja na themanini. Hiyo ingine ni riba na penalty."

"Riba kwa dini yangu siitii mdomoni. Hiyo toa, tusiiongelee hata. Sasa tuko kwa laki na themanini, na huyu ni mama ya watoto."

Collins alicheka kicheko cha kushindwa. Alienda kwa bosi wake, akarudi, akaenda tena. Mwishowe wakafika laki moja na ishirini, tukilipa kwa mkupuo, na kesi haifiki kortini. Roho yangu ilishuka mahali pake. Laki moja nilikuwa nayo, kwa sababu zamu yangu ya kupokea mchango wa chama cha akina mama ilikuwa imefika, na ile ishirini ningeipata nikiuza drier moja.

Halafu Mama Nasra nusura aharibu. Aliegemea kiti kwa furaha, akasema, "Basi leo tunatoa laki moja. Hii ishirini tunaiacha hapo. Kitu kama hiki hakimalizwi siku moja, kikiisha undugu umekufa. Tutakuwa tunakuja kuwasalimia."

Collins akaikamata kalamu mbio. "Hiyo ni sawa kabisa, mum. Balance itabaki kwa account."

Hata wewe ungesema kama Mama Nasra, maana ndivyo tulivyolelewa, mahari haimalizwi. Mpaka leo unamdai Kyalo mbuzi wawili wa mahari, na hujawahi kumpigia simu alfajiri. Lakini hiyo ishirini ingebaki pale ikizaa, na mwaka ujao wangerudi kukuamsha. Nilikatazwa kukohoa, nami nikasimama wima.

"Mama Nasra, hapana! Hawa sitaki undugu nao!"

Vijana wote wakageuka na simu zao masikioni. Mama Nasra alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake, nikaona nimemvunjia heshima mbele ya vijana. Nilitaka kulia. Kisha akamgeukia Collins polepole.

"Umemsikia bibi harusi. Amekataa. Sasa andika imeisha, yote, na uweke muhuri. Karatasi kwanza, ndio pesa."

Collins akajaribu kusema pesa hutangulia. Mama Nasra akavua viatu, akaviweka chini ya kiti kama mtu aliyefika kwake. Karatasi ikaja: tukilipa laki moja na ishirini kufikia Ijumaa, deni lote limekwisha.

Njiani alitangulia mbele yangu mpaka tulipofika Kianda. Nikamwomba msamaha mlangoni. "Ungenyamaza," akasema, "ningekufukuza kwa hii plot." Baadaye nilimpelekea kilo mbili za nyama kumshukuru. Alipokea moja, akasema hiyo nyingine nitamletea siku nyingine.

Drier niliuza kwa jirani hapo 56, na Ijumaa nikalipa. Nakala ya karatasi yenye muhuri iko ndani ya blanketi ninalokutumia na barua hii, pamoja na sukari, uione kwa macho yako. Nimebaki na drier moja tu. Wateja wanangojana kwenye benchi wakinilalamikia, na mimi nafurahi kulalamikiwa.

Kwa hiyo mtamba abaki zizini. Mama yake aliletwa na watu wa Kyalo siku ya mahari yangu, na siwezi kuvumilia benki imle. Najua ungemuuza bila kuniambia, halafu ungesema amepotea. Mwaitu, deni la hofu niliyokutia, na la huo moyo wako, hilo sitaki liishe. Nitakuwa nikilipa kidogo kidogo, na kubakiza.

Nisalimie Mutua, na mkewe anayekupikia uji, na shangazi anayeazima chumvi asirudishe. Kyalo anasema anawakumbuka wale mbuzi wako wawili, tena hana haraka ya kuwaleta.

Ni mimi, mtoto wako,
Mwende

Sasa toa simu kwenye unga, uipanguse, uiwashe. Jumatano jioni ikilia, pokea. Ni mimi.